Kwa nini magadi hutiwa katika maji ya bomba?

Magadi soda yanayochimbwa katika Bonde la Ufa nchini Kenya yanajulikana zaidi kwa kutengenezea vioo na sabuni. Lakini bidhaa hiyo hiyo ina kazi nyingine isiyozungumzwa sana: hutiwa kwa kipimo kidogo katika maji yanayosafishwa kwa ajili ya miji, ili maji hayo yasile mabomba na kubeba madini ya sumu hadi majumbani. Wanaotumia magadi ya sokoni kupikia maharage wanapaswa kujua kwamba kazi hizo mbili hazifanani, wala magadi yenyewe si yale yale.

Ukali usioonekana kwa macho

Maji yanaweza kuwa meupe na yasiyo na harufu, na bado yakawa na tindikali. Kiasi cha tindikali hupimwa kwa kipimo cha pH, kilichobuniwa mwaka 1909 na mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Kwa kawaida kipimo hicho huanzia 0 hadi 14. Maji yenye pH ya 7 hayaelemei upande wowote. Yaliyo chini ya 7 yana tindikali, na yaliyo juu ya 7 yana alikali.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba ngazi za kipimo hicho hazipandi kwa kujumlisha, bali kwa kuzidisha mara kumi. Maji yenye pH ya 6 yana tindikali mara kumi zaidi ya maji yenye pH ya 7, na yenye pH ya 5 yanazidi mara mia moja. Kwa hiyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi ni kubwa mno ndani ya bomba.

Katika nchi za Afrika Mashariki, viwango vya pamoja vya maji ya kunywa vinataka maji yaliyosafishwa yawe na pH kati ya 6.5 na 8.5. Shirika la Afya Duniani, WHO, halijaweka kikomo cha pH kwa sababu za kiafya moja kwa moja, ila linautaja upeo huo huo kuwa ndio unaofaa kwa uendeshaji wa mitambo na mabomba. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Maji ya limau yana pH inayokaribia 2, na hakuna anayedhurika kwa kuyakamulia kwenye chakula. Tindikali kidogo ndani ya maji siyo sumu kwa mnywaji. Hatari iko katika kile ambacho maji hayo huyeyusha njiani kabla ya kufika kwenye kikombe.

Tindikali hiyo mara nyingi hutokana na mambo ya asili. Mvua inaponyesha na kupenya ardhini, maji hukusanya hewa ya ukaa inayotolewa na mizizi na majani yanayooza. Hewa hiyo ikiyeyuka huwa tindikali hafifu. Mahali penye mawe ya chokaa, tindikali hiyo hupozwa na mawe yenyewe. Lakini katika maeneo yenye miamba ya matale au udongo uliochujwa na mvua kwa muda mrefu, hakuna cha kuipoza, na maji hutoka kisimani au kwenye chemchemi yakiwa bado na ukali wake.

Maji hayo yakiingia katika mabomba ya chuma huanza kuyala. Kutu huyabadilisha rangi, huchafua nguo na kuipa chai ladha ya chuma. Yakipita kwenye mabomba ya shaba huacha alama za kijani na bluu kwenye sinki. Palipo na risasi, ama katika mabomba ya zamani, ama katika maungio yaliyochomelewa, ama katika baadhi ya koki za shaba nyeupe, madini hayo huingia ndani ya maji bila kubadilisha ladha wala rangi. WHO inaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo ndio wanaoathirika zaidi, hasa katika ukuaji wa ubongo.

Kutoka ziwani hadi kwenye gunia

Ziwa Magadi liko katika Kaunti ya Kajiado, kusini-magharibi mwa Nairobi, karibu na mpaka wa Tanzania. Ni ziwa lisilo na mto unaotoka. Chemchemi za maji moto huliletea chumvi kutoka ardhini, jua kali hukausha maji, na kinachobaki ni tabaka nene la madini meupe yanayoitwa trona. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na reli ikajengwa kuiunganisha Magadi na njia kuu ya kwenda Mombasa. Tangu mwaka 2005 shughuli hizo zimo mikononi mwa kampuni ya Tata Chemicals ya India.

Trona ni mchanganyiko wa chumvi mbili za sodiamu pamoja na maji. Ikichomwa kiwandani hupoteza maji na sehemu ya hewa ya ukaa, na uzito wake hupungua kwa takriban asilimia 30. Unga mweupe unaobaki ndio magadi soda, ambayo kwa lugha ya wanakemia ni kaboneti ya sodiamu.

Upande wa pili wa mpaka, Ziwa Natron la Tanzania lina utajiri kama huo. Mpango wa kujenga kiwanda kando yake ulizusha upinzani mkubwa, kwa kuwa ziwa hilo ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo katika Afrika Mashariki na limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu mwaka 2001. Kampuni ya Tata ilijiondoa katika mpango huo mwaka 2008, na baadaye serikali ya Tanzania ikaelekeza juhudi zake katika bonde la Engaruka, wilayani Monduli, ambako pia kuna hazina kubwa ya magadi.

Kinachotokea ndani ya mtambo

Magadi soda yakiyeyushwa katika maji hutoa myeyusho wa alikali. Hata gramu 10 tu katika lita moja ya maji hufikisha pH ya zaidi ya 11. Myeyusho huo ukidondoshwa katika maji yenye tindikali, kaboneti hukutana na hewa ya ukaa iliyoyeyuka na kuigeuza kuwa bikaboneti, ambayo haina ukali. Kila miligramu moja ya hewa ya ukaa huhitaji takriban miligramu 2.4 za magadi.

Bikaboneti hiyo haipotei. Hubaki ndani ya maji kama akiba ya alikali, na akiba hiyo ndiyo inayoyazuia maji yasiyumbe tena yanapokutana na tindikali nyingine njiani. Maji yasiyo na akiba hubadilika pH kwa tone moja tu. Maji yenye akiba hustahimili.

Akiba hiyo ina umuhimu wa pekee katika mitambo inayotumia shabu. Maji ya mto au bwawa huja na tope laini ambalo lingeweza kuelea kwa siku nyingi bila kutulia. Shabu hulishikamanisha tope hilo kuwa mabonge yanayozama. Lakini shabu yenyewe ina tindikali: kila miligramu moja hula takriban nusu miligramu ya akiba ya alikali. Tuseme mto una akiba ya miligramu 30 kwa lita, na baada ya mvua kubwa maji yamechafuka kiasi cha kuhitaji miligramu 50 za shabu. Miligramu 25 za akiba zitaliwa mara moja na kubaki 5 tu. pH itaanguka, mabonge hayatashikamana vizuri, na maji yatavuka kwenye chujio yakiwa bado na uchafu. Mendeshaji asiyejua chanzo anaweza kuongeza shabu zaidi, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Hapo ndipo magadi huingia. Kiasi cha miligramu moja ya magadi hurudisha karibu miligramu moja ya akiba iliyoliwa. Maji yanayotoka katika milima ya volkano huwa laini na yenye akiba ndogo, na ndiyo sababu shabu, magadi na klorini huonekana pamoja katika maghala ya mitambo mingi ya ukanda huu, ukiwemo mtambo wa Ng'ethu, unaosafisha maji ya Bwawa la Ndakaini kwa ajili ya jiji la Nairobi.

Mpangilio ni muhimu kama kipimo

Magadi na shabu havipaswi kuchanganywa katika pipa moja. Vikikutana vikiwa vikali, hutoa povu la hewa ya ukaa, kila kimoja huiharibu nguvu ya kingine, na mashapo huziba mirija. Kila kimoja huyeyushwa katika tangi lake na kudondoshwa mahali pake.

Klorini nayo ina masharti yake. Nguvu yake ya kuua vijidudu hutegemea pH. Katika pH ya 7.5, karibu nusu tu ya klorini iko katika hali ile yenye nguvu. Katika pH ya 8.5, ni karibu sehemu moja tu ya kumi. WHO hushauri pH iwe chini ya 8 wakati wa kuua vijidudu, na klorini ipewe angalau dakika 30 za kufanya kazi. Kwa hiyo mtambo unaotia magadi mengi kabla ya klorini unaweza kutoa maji yasiyokula mabomba lakini yenye vijidudu. Katika mitambo mingi utaratibu unaofuatwa ni huu: magadi kidogo mwanzoni iwapo akiba ya alikali haitoshi kwa shabu, kisha kutuliza na kuchuja, kisha klorini, na mwishowe magadi ya kurekebisha pH kabla maji hayajaingia katika mabomba ya mji.

Kipimo chenyewe hakikisiwi. Maabara ya mtambo hupanga vyombo kadhaa vya maji ghafi, kila kimoja hutiwa kiasi tofauti cha shabu na magadi, vyote hukorogwa kwa mwendo mmoja, na chombo kilichotulia vizuri kuliko vingine ndicho kinachoonyesha kipimo cha siku hiyo. Mvua ikinyesha usiku, jaribio hurudiwa asubuhi, kwani maji ya jana si ya leo.

Kiasi kinachohitajika huwa kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mtambo unaotia miligramu 20 kwa lita hutumia kilo 20 za magadi kwa kila lita milioni moja za maji. Kiasi hicho huongeza karibu miligramu 9 za sodiamu katika kila lita. Anayekunywa lita mbili kwa siku hupata miligramu 18 tu, ilhali WHO inashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku kutoka katika vyakula na vinywaji vyote. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu, chumvi ya mezani ni jambo kubwa kuliko magadi ya mtambo.

Faida, gharama na tahadhari

Magadi si njia pekee. Chokaa huwa na bei nafuu zaidi, lakini haiyeyuki vizuri, huacha tope katika matangi na kuongeza ugumu wa maji. Kostiki soda ina nguvu kubwa na haina mashapo, ila huunguza ngozi vibaya na kosa dogo la kipimo huirusha pH juu kupita kiasi. Magadi hukaa katikati: huyeyuka kwa urahisi, hayana hatari kubwa kama kostiki, na huongeza akiba ya alikali. Mtambo mdogo wenye wafanyakazi wachache mara nyingi huyachagua kwa sababu hizo.

Pia ipo njia isiyohitaji kemikali yoyote. Maji ya kisima yenye hewa ya ukaa nyingi yakiangushwa kwenye ngazi za saruji au kunyunyiziwa hewani hupoteza sehemu kubwa ya hewa hiyo, na pH hupanda yenyewe. Mtambo ulioanza na hatua hiyo hubakiza kazi ndogo kwa magadi, na gharama hupungua.

Kwa wafanyakazi, vumbi la magadi huwasha macho, pua na koo. Miwani ya kinga, glavu na kitambaa cha kufunika pua na mdomo vinahitajika. Unga humiminwa polepole ndani ya maji huku ukikorogwa, kwa kawaida kilo 5 hadi 10 katika lita 100. Maji yakimwagwa juu ya unga, unga huganda kuwa bonge gumu kama jiwe, na pipa hupata joto. Magunia huhifadhiwa juu ya mbao, mbali na unyevu.

Mahali ambapo magadi hayasaidii

Vijiji vingi katika ukanda huu hutegemea visima vyenye pampu za mkono. Huko hakuna tangi la kuyeyushia wala mtu wa kupima kila siku, na magadi yakitupwa kisimani hayawezi kuenea sawasawa. Pampu zenye mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki huanza kuharibika maji yakiwa na pH chini ya 6.5. Zinki huisha, chuma hufuata, na maji hutoka mekundu.

Madhara ya hali hiyo hayaishii katika gharama ya bomba. Watu wanapoona maji yanayobadilisha rangi ya ugali na nguo, hurudi mtoni au kwenye dimbwi, na magonjwa ya kuhara hurudi pamoja nao. Kisima kilichochimbwa kwa fedha nyingi huachwa, ingawa maji yake hayakuwa na vijidudu. Dawa ya visima vya namna hiyo ni kupima pH kabla ya kufunga pampu, na kutumia mabomba ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu.

Magadi ya sokoni ni jambo jingine

Katika masoko mengi ya Kenya na Tanzania huuzwa magadi ghafi, yaliyokusanywa kando ya maziwa na kwenye nyanda za chumvi. Hutumika kulainisha maharage, makande na mboga ngumu. Ni desturi ya siku nyingi, lakini magadi ya Bonde la Ufa hubeba floraidi, na tafiti zilizofanywa kaskazini mwa Tanzania zimeyahusisha na meno ya watoto kubadilika rangi na kuwa ya kahawia. Madoa hayo hutokea meno ya kudumu yanapokuwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, na hayasafishiki baadaye. Floraidi ikizidi kwa miaka mingi huathiri pia mifupa.

Tofauti ya kipimo ni kubwa mno. Gramu 5 za magadi katika sufuria ya lita mbili ni sawa na miligramu 2,500 kwa lita, yaani zaidi ya mara 100 ya zile miligramu 20 za mtambo. Kwa hiyo anayetia kijiko cha magadi katika ndoo ya maji ya kunywa, akidhani anafanya kile kinachofanywa na mamlaka ya maji, hafanyi jambo hilo hata kidogo.

Mamlaka za maji nazo hazina budi kuwa waangalifu. Kuchoma trona huondoa maji na hewa ya ukaa, lakini hakuondoi floraidi. Iwapo kilo moja ya magadi ina gramu 10 za floraidi, kipimo cha miligramu 20 kwa lita kitaongeza miligramu 0.2. Kiasi hicho ni kidogo mahali ambapo maji hayana floraidi. Lakini katika sehemu za Bonde la Ufa, ambako maji yenyewe hukaribia au kuvuka kikomo cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita, nyongeza hiyo ina uzito wake. Ndiyo maana mnunuzi wa magadi ya kusafishia maji anapaswa kudai cheti cha maabara kinachoonyesha kiasi cha floraidi, badala ya kuangalia bei peke yake.

Mwananchi afanye nini?

Kurekebisha pH hakuui vijidudu. Maji yenye pH nzuri bado yanahitaji klorini au kuchemshwa iwapo chanzo chake si salama. Vilevile, kuchemsha hakuondoi risasi wala floraidi, bali hupunguza maji na kuyaacha madini yaliyomo yakiwa mengi zaidi kwa kila kikombe.

Dalili za maji yanayokula mabomba zinaweza kuonekana nyumbani: maji ya kwanza ya asubuhi yenye rangi ya kutu, ladha ya chuma, alama za kijani na bluu kwenye sinki, na koki zinazotoboka mapema. Anayeziona anashauriwa kuacha maji yaliyolala bombani yatiririke kwanza, kuyatumia hayo kwa usafi, na kuchota ya kunywa na kupikia baadaye. Maji ya moto ya bomba yasitumike kumtengenezea mtoto maziwa, kwa kuwa joto huongeza kasi ya kuyeyusha madini.

Hatua inayofuata ni kutoa taarifa kwa mamlaka ya maji na kuomba pH ipimwe, jambo linalochukua dakika chache. Jibu likiwa chini ya 6.5, tatizo halitatuliwi kwa kijiko cha magadi jikoni, bali kwa gunia lililopimwa, katika mtambo, mikononi mwa mtu anayejua ni kiasi gani cha kutia na wakati gani wa kukitia.